Usiku Unaoanza Saa Nne Asubuhi: Uchambuzi wa Kisa cha Mtoto Anayekojoa Kitandani

Mama alikuja kuomba dawa ya vipele. Ndivyo ilivyoandikwa kwenye daftari la mapokezi mwezi wa pili, na ndivyo alivyorudia mara mbili alipoketi mbele yangu: mtoto wake wa kiume, mwenye miaka 7 na miezi 4, mwanafunzi wa darasa la pili, ana vipele mapajani na kwenye kinena ambavyo havisikii mafuta wala poda. Nilipomkagua nikaona ngozi iliyobabuka, na nikasikia harufu ya mkojo uliokaukia mwilini. Nikamuuliza mama mtoto analala vipi. Aliutazama mlango kwanza kama umefungwa, kisha akasema kwa sauti ya chini, "Daktari, huyu bado anakojoa kitandani. Kila siku ya Mungu."

Mimi ni tabibu wa zahanati moja jijini Dodoma, na kisa hiki nimekiandika kwa ridhaa ya familia yenyewe, baada ya kubadilisha mambo madogo madogo ili isitambulike. Nimekichagua kwa sababu nilianza kwa kukosea, na kosa langu ni lile linalofanywa na wengi wanaoulizwa swali hili, wawe watabibu, mashangazi au majirani.

Siku hiyo ya kwanza nilimpa mtoto dawa ya kupaka, nikamwambia mama asimpe maji baada ya jua kuzama, amwamshe saa tano usiku akojoe, kisha arudi baada ya wiki tatu. Ushauri wa namna hiyo hautaki hata dakika tano kuutoa, na nadhani ndiyo maana tunaupenda. Mama aliporudi, vipele vilikuwa vimepungua lakini mengine yote yalikuwa yameharibika zaidi: mtoto alikuwa akikojoa kila usiku kama kawaida, na juu ya hilo alikuwa amekamatwa mara mbili usiku akichota maji ya mtungi kwa kificho, akachapwa na baba yake kwa wizi wa maji ndani ya nyumba ya baba yake mwenyewe. Nilipolisikia hilo nilijua kwamba kuna swali ambalo sikuliuliza. Nikawaomba waje Jumamosi mchana, siku ambayo foleni ni fupi, na nikaomba aje baba na yeyote mwingine anayelala nyumba ile.

Walikuja wanne: mama, baba, bibi mzaa baba aliyehamia kwao kutoka Bahi, na mtoto. Bibi aliingia na "Mbukwenyi" ya Kigogo kwa wote waliokuwa ukumbini, akapokea shikamoo yangu kwa utulivu, akaketi karibu na mlango kama mtu ambaye bado hajaamua kama atachangia. Baba ni fundi uashi, anatoka alfajiri kwenda kwenye majengo yanayojengwa Mtumba na kurudi usiku. Mama ni mama lishe, naye anawahi jikoni kabla ya saa kumi na moja. Wamepanga vyumba viwili Nkuhungu, katika nyumba yenye familia nyingine tatu na choo kimoja cha nje. Mtoto ana dada wa miaka 11 anayesoma naye shule moja, na mdogo wake wa kike wa miaka 3. Awali alilala kitanda kimoja na dada yake, lakini tangu mwaka uliopita amehamishiwa sebuleni, chini, kwenye mkeka na kipande cha godoro kuukuu.

Baba ndiye aliyeanza kusema, na sikumkatiza. Alisema mtoto ni mvivu wa kuamka, kwamba mdogo wake wa miaka 3 analala mkavu na yeye mkubwa anatia aibu, kwamba amemchapa, amemtoa nje na godoro lake mchana kweupe ili wenzake wamwone, na kwamba lengo lake si ukatili kwa sababu samaki hukunjwa angali mbichi. Mama aliongeza kwamba jirani aliwapa mizizi ya kuchemsha, na kwamba muuzaji wa duka moja la dawa aliwauzia vidonge vya maambukizi ya njia ya mkojo bila kipimo chochote. Bibi alisema kwa ufupi kwamba mtoto anashinda jikoni akichezea moto, na kila mtu anajua mchezea moto hukojoa kitandani. Wakati wote huo mtoto aliangalia vidole vya miguu yake.

Jambo moja ambalo wasomaji wa nje ya Dodoma huenda wasilielewe haraka ni uzito wa maji katika ugomvi huu. Mkoa huu ni nusu kame, mvua zake huangukia kati ya Desemba na Aprili, na sehemu iliyobaki ya mwaka ni jua na vumbi. Pale wanapoishi bomba halitoki kila siku, hivyo maji mengi wananunua kwa dumu. Blanketi, shuka na nguo za kulalia za mtoto mmoja zilikuwa zikimaliza madumu mawili ya lita 20 kila asubuhi, kabla ya mtu yeyote kunawa uso. Hasira ya mama huyu, ambayo aliionea haya alipoieleza, ilikuwa na ujazo wa lita 40 kwa siku. Niliona kwamba mpango wowote usioyapunguza madumu yale ungekufa ndani ya wiki moja, hata ungekuwa sahihi kiasi gani kitabuni.

Nilitaka kwanza kujua kama mtoto amewahi kukaa angalau miezi sita mfululizo bila kukojoa usiku. Hajawahi, hata wiki mbili. Swali hilo lina uzito kwa sababu mtoto aliyekuwa mkavu kwa muda mrefu kisha akaanza upya huwa ana kitu kilichobadilika, kama vile msiba, mzazi kuondoka, mtoto mchanga nyumbani, kutendewa ubaya, maambukizi ya njia ya mkojo, na wakati mwingine kisukari. Mtoto anayeanza ghafla kukojoa kitandani huku ana kiu isiyoisha, anakonda na anachoka hapaswi kusubiri wiki tatu wala siku tatu; anapimwa sukari siku hiyo hiyo. Huyu wetu hakuwa hivyo. Uzito wake ulikuwa unapanda vizuri, na kipimo cha mkojo hakikuonyesha sukari, protini wala dalili ya maambukizi. Kipimo cha selimundu kilikuwa safi. Nilikifanya kwa sababu ugonjwa huo huifanya figo ishindwe kuufanya mkojo uwe mzito, na watoto wenye selimundu hukojoa kitandani kuliko wenzao. Mkojo wa mchana haukuwa na damu wala mayai ya kichocho, na mama alisema mtoto hajawahi kuoga bwawani. Hakoromi usiku. Nilimwangalia mgongo, sehemu ya chini ya kiuno, kama kuna kishimo au kishungi cha nywele kinachoweza kuashiria tatizo la uti wa mgongo, nikatazama anavyotembea, na vyote vilikuwa sawa.

Kisha nikauliza kama kuna mtu mwingine katika ukoo aliyechelewa kukauka. Baba alitikisa kichwa upesi. Ukimya ukapita, halafu bibi akasema bila kumwangalia mtu, "Na wewe je? Umeacha uko darasa la nne. Ngozi ya kulalia nilikuwa naianika mimi."

Sitasahau uso wa yule baba. Alicheka kwanza, kisha akaacha kucheka, kisha akamtazama mwanawe kwa namna ambayo nadhani hakuwa amemtazama kwa muda mrefu. Mimi nilikuwa nimejiandaa kutoa somo refu kuhusu madhara ya fimbo, lakini bibi alikuwa ameshalitoa kwa sentensi tatu. Nilichofanya ni kuongeza hesabu tu: mzazi mmoja akiwa alikojoa kitandani utotoni, uwezekano wa mtoto wake kufanya hivyo ni kama asilimia 44, wakiwa wazazi wote wawili, hufika kama asilimia 77, na pasipokuwa na hata mmoja, ni kama asilimia 15. Niliwaambia pia kwamba wavulana hupata tatizo hili takribani mara mbili ya wasichana, kwamba katika watoto wa miaka 5 kiasi cha asilimia 15 bado hukojoa usiku, na kwamba kila mwaka unaopita kama asilimia 15 ya walio nalo huacha wenyewe. Kumlinganisha na mdogo wake wa kike wa miaka 3 kulikuwa sawa na kuwalinganisha kwa urefu.

Nikawaeleza kinachotokea ndani ya mwili, kwa sababu niligundua kwamba baba aliamini mtoto anahisi mkojo, anafikiri, kisha anaamua kubaki kitandani. Usiku ubongo wa mtu aliyekomaa hutoa kwa wingi homoni iitwayo vasopresini, ambayo huiambia figo ipunguze maji inayoyatoa. Kwa watoto wengine ongezeko hilo la usiku huchelewa kuanza, hivyo figo huendelea kutengeneza mkojo kama vile ni mchana. Wengine kibofu chao hubeba kiasi kidogo au hujikaza kabla hakijajaa. Na karibu wote hulala usingizi wa pono, yaani taarifa inatoka kibofuni lakini haimfikii mwenye nyumba. Mtoto aliyelala hivyo hachagui chochote. Kumchapa asubuhi kwa kitendo ambacho hakukisikia kinapita ni kumfundisha kwamba mwili wake ni adui yake, na fundisho hilo hushikwa haraka sana.

Mpaka hapo nilikuwa bado sijafika kwenye kiini cha kisa. Nilimwomba mama, kwa kumtumia dada wa miaka 11 kama karani, aniletee kumbukumbu ya siku tatu: mtoto alikunywa nini na saa ngapi, alikwenda haja ndogo mara ngapi, alipata choo lini na kilikuwaje, na mwishoni mwa wiki wapime kwa kopo lenye alama za mililita kiasi cha mkojo kila anapokojoa. Dada huyo aliandika vizuri kuliko wasaidizi wengi niliowahi kufanya nao kazi. Daftari lake ndilo lililonionyesha kosa langu.

Mtoto alikunywa kikombe kimoja cha chai ya rangi saa kumi na mbili asubuhi, akaenda shule, na tangu hapo mpaka saa tisa na nusu alasiri hakuweka tone la maji mdomoni, kwa jua la Dodoma, huku akicheza mpira wakati wa mapumziko. Akirudi nyumbani alikunywa kikombe baada ya kikombe. Kisha uji, kisha chai tena na chakula cha usiku. Kati ya saa kumi jioni na saa tatu usiku alikuwa anapitisha zaidi ya lita moja. Mtoto wa umri wake anahitaji kati ya lita moja na karibu lita moja na nusu, yaani mililita 1,000 hadi 1,400 kwa siku nzima, na yeye karibu yote alikuwa anayapata ndani ya saa tano za mwisho. Mimi nilikuwa nimekataza maji ya jioni bila kuuliza ya mchana, na kwa hiyo nilikuwa nimemwacha mtoto na kiu ya kweli. Mtungi ule wa usiku haukuwa utundu.

Upande wa pili wa daftari ulisema zaidi. Mkojo mkubwa kuliko yote alioupima ulikuwa mililita 130. Kwa kanuni tunayotumia, umri ukiongezwa moja kisha ukazidishwa kwa 30, kibofu cha mtoto wa miaka 7 hutarajiwa kubeba kama mililita 240. Alikuwa akienda haja ndogo mara tatu tu kwa siku, na jioni dada alimwona akibana miguu, akichuchumaa juu ya kisigino, kisha akikimbia akiwa ameshachelewa. Chupi ilikuwa na unyevu siku mbili kati ya tatu. Choo kikubwa alikipata mara moja katika siku zote tatu, kigumu, vipande kama vya mbuzi. Niliporudi kumpapasa tumbo, jambo ambalo ningepaswa kulifanya mwezi uliotangulia, nilikuta upande wa kushoto chini kuna kinyesi kigumu kilichokaa kwa muda mrefu. Utumbo uliojaa namna hiyo hukiegemea kibofu, hukipunguzia nafasi na kukichokoza. Kukausha usiku wa mtoto ambaye choo kimemfunga ni kazi bure, na hili, kwa maoni yangu, ndilo swali linalosahaulika kuliko yote katika jambo hili, pengine kwa sababu mzazi akishaacha kumtawaza mtoto haoni tena choo chake.

Nilibaki na mtoto chumbani pamoja na mama tu, nikamuuliza kwa nini hanywi maji shuleni. Alijibu sentensi moja, na ndiyo pekee aliyoisema siku hiyo: "Nikinywa nitabanwa."

Vyoo vya shule yake ni vichache. Mwongozo wa nchi unataka tundu moja kwa wavulana 25 na moja kwa wasichana 20, na shule nyingi zinazojaa kwa kasi ya jiji hili haziufikii. Wakati wa mapumziko ya saa nne kuna foleni, mlango mmoja haufungi, na wavulana wakubwa waliokwisha kusikia habari za godoro kuanikwa nje humgongea na kumwita kikojozi. Kwa hiyo alifanya hesabu ya mtoto mwenye akili: asipokunywa hatabanwa, akibanwa atavumilia, na haja kubwa itasubiri nyumbani. Akifika nyumbani anakuta choo cha nje kisicho na taa, na mbwa wa jirani. Kuanzia saa nne asubuhi mwili wake ulikuwa unaandaliwa kukojoa saa tano usiku, na kila mtu mzima aliyemzunguka, nikiwemo mimi, alikuwa akiutazama usiku peke yake.

Mpango tuliokubaliana ulikuwa wa mchana kwa sehemu kubwa. Kwanza tulimfungua choo kwa dawa ya maji ya laktulosi kwa kipimo cha uzito wake, tukapanga iendelee wiki kadhaa hata baada ya choo kulainika, kwa kuwa utumbo uliotanuka huchukua muda kurudi. Chakula hakikuhitaji gharama mpya. Bibi alifurahi kuambiwa kwamba ugali wa uwele au wa dona, mlenda, maharage na papai ndivyo vinavyotakiwa, akamtazama mkwewe kwa ushindi, maana ubishi wa sembe nyeupe ulikuwepo kabla yangu. Kila baada ya chakula cha jioni, wakati ambao utumbo huamka wenyewe, mtoto aende chooni na mtu mzima anayesimama nje na tochi, akae dakika tano bila kuharakishwa.

Maji hatukuyapunguza, tuliyahamisha. Chupa ya nusu lita iende shuleni na irudi tupu: nusu yake saa nne, nusu kabla ya kengele ya mwisho. Akirudi anywe mpaka kiu iishe, lakini kabla ya saa kumi na moja. Usiku kikombe kimoja na chakula basi. Chai ya jioni, ambayo ina kafeini na huchochea mkojo, iliondolewa kabisa, na hili lilileta ubishi kuliko fimbo, kwa sababu nyumba hiyo hunywa chai kwa pamoja na mtoto aliona amefukuzwa mezani. Wakatatua wenyewe: wote wakahamia kwenye maji ya ubuyu, ya kikombe kile kile kimoja.

Kwa shule niliandika barua fupi isiyotaja kitanda wala mkojo wa usiku, ikisema tu kwamba kwa sababu za kiafya mtoto anywe maji na aruhusiwe kwenda msalani kila baada ya saa mbili hadi tatu, hata kipindi kikiendelea. Mwalimu wa darasa aliipokea kwa utu. Akaamua mtoto awe anatoka dakika kumi kabla ya mapumziko, wakati vyoo viko wazi. Uamuzi huo mdogo wa mwalimu ulisaidia kuliko dawa yoyote niliyoiandika.

Usiku tulifanya machache. Akojoe anapojiandaa kulala na tena anapopanda kitandani. Ndoo ndogo yenye kifuniko iwekwe pembeni yake ili asilazimike kuvuka uwanja wenye mbwa. Godoro livishwe nailoni nzito chini ya shuka, na juu ya shuka itandikwe kanga iliyokunjwa mara mbili, ili asubuhi ifuliwe kanga na si blanketi. Madumu yakashuka kutoka mawili hadi nusu dumu tangu wiki ya kwanza, na sauti za asubuhi zikashuka pamoja nayo. Mtoto mwenyewe atoe kanga na kuiweka kwenye beseni, si kama adhabu, bali kama anavyotandua mtu mwingine yeyote kitanda chake, kisha aoge kabla ya shule, jambo lililomaliza vipele na harufu kwa pamoja.

Waliniuliza kuhusu kumwamsha. Niliwaambia kwamba kumbeba mtoto aliyelala hadi kwenye ndoo kunaweza kuliokoa godoro usiku huo, lakini hakumfundishi kuamka kibofu kinapojaa. Wakitaka kufanya hivyo wamwamshe kweli kweli, atembee mwenyewe, na wasilione kuwa ndiyo tiba. Waliuliza kuhusu dawa pia. Ipo desmopresini, inayofanana na homoni niliyoitaja, na huwasaidia watoto wengi kwa muda wanaoitumia, lakini anayeimeza akanywa maji mengi usiku, chumvi katika damu yake inaweza kushuka hadi akapata degedege. Kwa mtoto anayechota mtungini kwa siri sikuthubutu. Imipramini, dawa ya zamani ambayo bado husikika ikitajwa, sikuitaka kabisa, kwa kuwa vidonge vichache vya ziada vinaweza kuusimamisha moyo wa mtoto, na nyumba yao ina mwingine wa miaka 3 anayefungua kila kopo. Kengele inayolia mtoto anapoanza kulowa ndiyo njia yenye matokeo ya kudumu kuliko zote, hufaulu kwa takribani watoto wawili kati ya watatu wakiitumia miezi miwili au mitatu, lakini inadai kifaa, pesa na mzazi wa kuamka kila inapolia. Niliiweka akiba.

Zawadi ilikuwa mbegu za ubuyu. Kila siku chupa ikirudi tupu na mtoto akiwa amekwenda chooni kama ilivyopangwa, anatia mbegu moja kwenye chupa ya kioo. Zikifika kumi baba anampakia kwenye pikipiki kumzungusha mjini Jumapili. Nilisisitiza kwamba mbegu isitolewe kwa usiku mkavu. Mtoto hawezi kuamuru akiwa usingizini, na kumlipa kwa asichokiweza ni kumwandalia huzuni ya kila asubuhi.

Wiki mbili za kwanza usiku haukubadilika hata kidogo, na mama alikuja akiwa amekata tamaa, akisema tumemwongezea maji mtoto anayekojoa. Nikamwomba daftari. Choo kilikuwa kinatoka kila siku au kila baada ya siku moja, laini, na chupi ya mchana ilikuwa imekauka siku nane mfululizo. Hapo ndipo mambo huanzia. Wiki ya tano zikatokea asubuhi mbili kavu. Wiki ya nane zikawa nne, na mkojo mkubwa wa mchana ukapimwa mililita 210. Baba alinipigia simu kunitajia tarakimu hiyo kama mtu anayetangaza matokeo ya mtihani.

Ikaja likizo ya mwezi wa sita. Watoto wakapelekwa Bahi. Hakukuwa na chupa, hakukuwa na saa nne, mchana ulikuwa wa kuchunga na kucheza, na jioni baridi ya msimu ilileta chai kwa wingi mbele ya moto. Aliporudi alikuwa anakojoa kila usiku na choo kimefunga tena. Familia ililiona hilo kuwa anguko. Mimi, nakiri, nilipumua, kwa sababu ndani ya wiki nne kijiji kilikuwa kimetufanyia jaribio ambalo nisingethubutu kulipanga: tumeuondoa utaratibu wa mchana, na usiku umerudi ulikokuwa. Tukaanza upya kwa laktulosi na chupa, na safari hii ilichukua wiki tatu tu kurudi kwenye asubuhi nne kavu.

Mwishoni mwa Septemba daftari la dada lilionyesha usiku miwili wa kulowa katika mwezi mzima, mmoja wao siku ya sherehe ya jirani yenye soda. Sikuona sababu ya kutafuta kengele. Nilipanga kumpeleka hospitali ya rufaa kama kulowa kungerudi kuzidi mara mbili kwa wiki pamoja na choo kikiwa sawa, au kama mchana ungeanza tena kuwa na unyevu.

Mwezi wa kumi na moja mama alikuja na yule mdogo, ana kikohozi. Nilipouliza habari za kaka yake alisema amerudi kulala kitandani, na kwamba aliyeomba arudi ni dada, kwa kuwa sebuleni amebaki peke yake na yeye chumbani anaogopa. Nailoni bado ipo chini ya shuka. Mlango wa choo cha shule bado haufungi, na mwalimu bado anamtoa dakika kumi kabla ya kengele.